Mpango wa Biashara Huanzia Kwenye Jedwali

Watu wengi wanaokaa kuandika mpango wa biashara huanza na neno "Muhtasari" juu ya ukurasa mtupu, kisha hukwama hapo. Wakijikwamua, huandika dira, dhamira na maadili ya msingi, kurasa 4 au 5 za maneno matamu. Mwishoni kabisa, siku moja kabla ya kuwasilisha, hutafuta mtu wa "kuwawekea mahesabu". Mtu huyo hukabidhiwa maneno na kuambiwa faida ionekane mwaka wa pili. Na kweli huonekana. Tatizo ni kwamba mpango uliopikwa namna hiyo haumchukui msomaji mzoefu muda kuugundua: ukurasa wa 6 unasema kampuni itakuwa na wauzaji wanne, na jedwali la ukurasa wa 19 lina mshahara wa muuzaji mmoja.

Tumeandika na kusoma maandiko ya aina hii, ya kampuni changa na ya mashirika yasiyo ya faida, na utaratibu tunaouamini ni wa kinyume. Makisio hutangulia, yakafuata mauzo, gharama, kisha mtiririko wa fedha mwezi kwa mwezi. Maneno huja baada ya hapo. Muhtasari unaokaa ukurasa wa kwanza ndio wa mwisho kuandikwa, maana huwezi kufupisha kitu ambacho bado hakipo.

Kabla ya yote, mjue msomaji wako. Mkopeshaji anatafuta rejesho la kila mwezi litatoka wapi, na likikosekana atashika nini. Ukuaji wa kasi sana humtia wasiwasi kuliko kumfurahisha. Mwekezaji anayenunua hisa anataka kujua biashara inaweza kufika ukubwa gani na yeye atatokaje na fedha zake. Mfadhili anauliza ni nani atakayenufaika, itapimwaje, na nani atashika funguo za kasha. Jedwali la hesabu ni lilelile kwa wote watatu. Kinachobadilika ni kipi kitangulie kuelezwa na kwa urefu gani. Kurasa 15 hadi 20 zinatosha, na nyuma yake viambatisho: proforma (karatasi za bei zinazotolewa kabla ya kununua) za wauzaji wa malighafi, mikataba, leseni, wasifu wa wahusika.

Karatasi ya makisio

Fungua lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kwenye kompyuta, na ukurasa wake wa kwanza uwe wa makisio tu. Kila kitu unachodhani kuhusu biashara yako kipate mstari wake: bei ya kuuza, bei ya malighafi, siku ambazo mteja huchukua kulipa, siku ambazo wewe unapewa kulipa, kodi ya jengo, mishahara, idadi ya siku za kazi kwa mwezi. Biashara ndogo hupata mistari 30 hadi 60. Kila mstari uwe na namba, kipimo chake, chanzo, tarehe, na alama moja kati ya tatu: "imethibitishwa", yaani kuna karatasi mkononi, "imeulizwa", yaani mtu anayejua amekuambia, na "imekisiwa", yaani umeitoa kichwani.

Hakuna aibu kuwa na namba za kukisia. Aibu ni kutojua ni zipi. Jedwali likishakamilika, chukua kila namba iliyokisiwa, ipandishe kwa asilimia 20, kisha ishushe kwa kiasi hichohicho, uangalie salio la fedha linafanya nini. Nyingi hazitatikisa chochote. Nne au tano zitatikisa kila kitu, na hizo ndizo za kwenda kuzithibitisha kwa miguu. Tumeona watu wakitumia wiki mbili kutafuta gharama halisi ya intaneti ilhali idadi ya wateja kwa mwezi waliibuni kwa dakika mbili.

Proforma za malighafi ziombwe kwa wauzaji watatu, na uombe bei ya kiasi utakachonunua miezi ya mwanzo. Bei ya kuagiza vipande 1,000 haikuhusu kama utaanza na 40. Angalia pia bei hiyo itadumu hadi tarehe gani.

Jambo la ufundi: kila kisio liandikwe mahali pamoja tu, na fomula zote zilichukue pale. Ukiandika bei ndani ya fomula za miezi 36, siku bei ikibadilika utasahihisha 35 na mmoja utabaki unakudanganya. Kosa jingine la kila siku ni kuongeza mstari mpya chini ya orodha ya gharama na jumla isiukamate, kwa kuwa fomula ya kujumlisha iliishia mstari wa juu yake. Acha mstari mtupu mwishoni mwa kila orodha na uuingize kwenye jumla tangu mwanzo. Mstari mpya utaingia juu yake, na jumla itaupata.

Kiti kimoja kwanza

Tuchukue kampuni ya kutengeneza viti vya ofisi, na namba tupu bila jina la sarafu. Kiti kinauzwa 100. Malighafi 45, ufundi unaolipwa kwa kiti 10, ufungashaji na usafiri 5, jumla 60. Kila kiti kinabakiza 40. Gharama zisizojali umeuza viti vingapi, yaani kodi ya jengo, mishahara ya mwezi, umeme, bima na mhasibu, ni 4,000 kwa mwezi. Gawa 4,000 kwa 40, unapata viti 100. Hicho ndicho kizingiti: chini ya hapo kila mwezi ni hasara, juu ya hapo ni faida.

Hesabu hii ya mstari mmoja ifanyike kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu inafichua mambo ambayo maneno huyafunika. Mfano ni punguzo. Ukimpunguzia mteja asilimia 10, bei inakuwa 90, gharama zinabaki 60, na kiti kinabakiza 30. Kizingiti kinaruka kutoka viti 100 hadi 134. Punguzo la sehemu moja ya kumi limekudai theluthi nzima ya mauzo ya ziada. Anayeandika kwenye sehemu ya soko kwamba "tutashindana kwa bei nafuu" apige kwanza hesabu hii kwa namba zake.

Mauzo yanajengwa kutoka chini

Sentensi inayoharibu mipango mingi ni ile ya "soko ni kubwa, tukipata asilimia 1 tu inatutosha". Asilimia 1 haitoki mbinguni. Kuna mtu lazima aende kuitafuta, kwa saa, kwa nauli, kwa simu. Kwa hiyo jenga mauzo kutoka kwa mtu huyo. Muuzaji mmoja anaweza kutembelea ofisi 5 kwa siku. Kwa siku 20 za kazi ni ziara 100. Tuseme katika ziara 100, ofisi 20 zinaomba proforma na 5 zinanunua, kila moja viti 8. Hapo una viti 40 kwa mwezi. Namba 5, 20 na 8 zote ni makisio, na zote zinaweza kupimwa kabla hujakopa: chapisha picha za kiti, tembelea ofisi 30, omba oda za maandishi. Oda mbili zilizosainiwa zina uzito kuliko dodoso la watu 200 waliojibu kwamba "wangependa" kiti kizuri. Kusema ungependa hakugharimu kitu.

Shimo la fedha

Hapa ndipo tungependa usomaji wako uende polepole. Tuseme mauzo yanapanda kwa utaratibu, viti 40 mwezi wa kwanza hadi 140 mwezi wa 6, kisha yanatulia. Malighafi na mafundi hulipwa mwezi uleule. Wateja ni maofisi, na maofisi hulipa baada ya siku 60. Gharama za kudumu ni 4,000.

| Mwezi | Viti | Zilizoingia | Zilizotoka | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 40 | 0 | 6,400 | −6,400 |
| 2 | 60 | 0 | 7,600 | −14,000 |
| 3 | 80 | 4,000 | 8,800 | −18,800 |
| 4 | 100 | 6,000 | 10,000 | −22,800 |
| 5 | 120 | 8,000 | 11,200 | −26,000 |
| 6 | 140 | 10,000 | 12,400 | −28,400 |
| 7 | 140 | 12,000 | 12,400 | −28,800 |
| 8 | 140 | 14,000 | 12,400 | −27,200 |

Sasa linganisha na taarifa ya faida na hasara ya biashara hiyohiyo. Mwezi wa 4 imefika kwenye kizingiti. Mwezi wa 5 ina faida ya 800, wa 6 ina 1,600. Hasara ya miezi 6 ikijumlishwa ni 2,400 tu. Mtu anayetazama ukurasa huo peke yake atasema anahitaji mtaji wa 2,400, labda 5,000 kwa tahadhari. Ukweli ni kwamba anahitaji 28,800, na shimo linaendelea kuchimbika hata katika miezi yenye faida. Tofauti haijapotea: mwisho wa mwezi wa 7 kuna viti 280 ambavyo wateja wameshavikalia na hawajavilipia, yaani 28,000 zilizoko mifukoni mwa watu wengine. Mali bila daftari huisha bila habari, wanasema wahenga. Hapa mali ipo, daftari lipo, na bado fundi hana mshahara.

Badilisha kisio moja tu, siku 60 ziwe 30, na kina cha shimo kinakuwa 16,400. Umepunguza mtaji unaohitajika kwa 12,400 bila kuuza kiti hata kimoja zaidi. Hii ndiyo sababu masharti ya malipo yanastahili aya yake kwenye mpango: nani analipa lini, nani anatoa malipo ya awali, na nani atapiga simu siku ya 31.

Juu ya shimo, ongeza vya kuanzia. Vifaa 9,000, kodi ya jengo ya miezi 3 inayolipwa mapema 4,500, usajili na leseni 500: jumla 14,000. Pamoja na 28,800 inakuwa 42,800. Weka akiba ya robo, 10,700, kwa yale yatakayochelewa. Ombi lako ni 53,500, na kila sehemu yake ina maelezo. Ombi la 50,000 kamili, bila mgawanyo, linasomeka kama namba iliyochaguliwa kwa kuwa ni duara.

Ila jedwali hilo hapo juu lina kosa, nalo ni lile tulilolitaja mwanzoni, la ukurasa wa 6 na wa 19.

Muuzaji mmoja anafanya ziara 100 na kuuza viti 40. Viti 140 vinahitaji ziara 350, yaani wauzaji wanne, wa mwisho akifanya nusu ya kazi. Gharama za kudumu tumeziacha 4,000 mwezi wa 1 hadi wa 8, kama vile viti vitajiuza. Kila muuzaji anayeongezwa akigharimu 600 kwa mwezi, anasukuma kizingiti juu kwa viti 15. Wauzaji watatu wa ziada wanakifikisha viti 145. Na mauzo ni 140. Kampuni iliyokuwa na faida mwezi wa 5 sasa haina faida milele. Inapoteza 200 kila mwezi ikiwa na kazi tele, na shimo la mwezi wa 7 limefika 36,000 na halina sakafu.

Kosa la aina hii huwezi kulinasa kwa kusoma maneno tena na tena. Hunaswa kwa kuuliza kila mstari wa mauzo: ni mkono wa nani unaufanya, na mshahara wa mkono huo uko mstari gani? Gharama za kudumu si za kudumu kweli; hupanda kwa ngazi. Ukifika kiasi fulani unahitaji muuzaji mwingine, chumba kingine, gari jingine. Andika kila ngazi iko wapi.

Kwa viti vyetu kuna mlango wa kutokea. Ukilenga ofisi kubwa zinazonunua viti 12 badala ya 8, viti 140 vinahitaji wanunuzi 12, ziara 240, wauzaji watatu. Kizingiti kinashuka hadi 130 na faida inakuwa 400 kwa mwezi. Ni faida, lakini kulipa 53,500 kwa 400 kwa mwezi kunachukua zaidi ya miaka 11, kabla ya riba. Pandisha bei hadi 105 na faida inafika 1,100. Asilimia 5 ya bei imekaribia kuizidisha faida mara tatu. Je, ofisi zitakubali 105? Hilo nalo ni kisio, na sasa unajua ndilo la kwenda kuthibitisha kabla ya mengine yote. Mpango umekwisha fanya kazi yake hata kama jibu ni kwamba biashara hii bado haijaiva kukopa.

Vitu vidogo vinavyopinda hesabu

Rejesho la mkopo hugawanyika mara mbili: riba huingia kwenye faida na hasara, lakini deni lenyewe linaloshuka halimo humo, ilhali fedha zake zinatoka benki. Uchakavu wa mashine ni kinyume chake. Unapunguza faida kwenye karatasi na hakuna senti inayotoka mwezi huo. Anayechanganya hivi viwili hupata mtiririko wa fedha usiolingana na mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, na mizania isiyosawazika ni ishara ya kwanza ambayo mhasibu wa upande wa pili ataitafuta. Kodi ya ongezeko la thamani unayomtoza mteja si mapato yako. Unaishikilia tu kwa niaba ya serikali, hivyo iwe na mstari wake na tarehe ya kuondoka.

Mshahara wa mwanzilishi usiachwe sifuri. Waandishi wengi hudhani unyenyekevu huo unapendeza. Msomaji anajua mwanzilishi anakula na anapanga nyumba, na kwamba fedha hizo zitatoka mahali fulani pasipoandikwa. Ukiamua kutojilipa miezi 6, sema utaishi kwa nini.

Na mauzo yasianze mwezi wa 1 isipokuwa milango imeshafunguliwa. Leseni, umeme, mashine zilizoagizwa, mafunzo ya wafanyakazi: kila kimoja kina wiki zake, na wiki hizo hulipiwa kodi ya jengo bila mauzo.

Ukimaliza, tengeneza nakala tatu za jedwali: mauzo chini kwa asilimia 30, kuanza kwa kuchelewa miezi 3, malighafi juu kwa asilimia 15. Onyesha salio la chini kabisa katika kila moja na useme utafanya nini likifika hapo. Wengine huziita "hali nzuri, ya kati na mbaya", kisha mbaya yao bado ina faida. Isiyoumiza haijapimwa.

Shirika lisilo la faida

Jedwali ni lilelile, ila kuna tabaka zaidi. Kampuni huuza kwa anayelipa. Shirika linahudumia mmoja na kulipwa na mwingine, kwa hiyo mpango una masoko mawili ya kueleza: nani ana shida na kwa nini hajahudumiwa, na nani ana sababu ya kulipia huduma hiyo mwaka wa kwanza na wa tatu. Maandiko mengi ya mashirika huandika la kwanza kwa kurasa 10 na la pili kwa sentensi moja, "tutatafuta wafadhili".

Fedha zenye masharti zitenganishwe na zisizo na masharti, safu mbili tofauti kwenye mtiririko wa fedha, kila mwezi. Shirika linaweza kuwa na 80,000 benki, 70,000 kati ya hizo zikiwa za mradi mmoja tu, na likashindwa kulipa kodi ya ofisi. Ukiziweka kwenye safu moja utajiona tajiri mpaka siku ya ukaguzi.

Maombi ya ruzuku yana mtego wake wa hesabu. Watu huchukua ombi la 100,000 lenye uwezekano wa asilimia 20, huandika mapato ya 20,000. Kwa shirika lenye maombi 50 wastani huo una maana. Kwa lenye maombi 3 hauna: ruzuku huja nzima au haiji kabisa, na hiyo 20,000 ni namba ambayo haitatokea kamwe. Andika mapato yenye barua mkononi, kisha, mbali nayo, orodha ya shughuli zitakazoanza tu ruzuku fulani ikipatikana.

Gharama kamili ni ugomvi wa zamani. Mradi wa 60,000 unaolipia wakufunzi na vifaa unakula pia muda wa mhasibu, sehemu ya kodi, ukaguzi wa mwaka, kompyuta. Ikiwa hayo ni 9,000 na mfadhili hakuombwa kuyalipia, shirika limejipa deni la 9,000 kila linaposherehekea ruzuku. Gawa kwa kipimo kinachoeleweka: kama mratibu anatumia asilimia 30 ya saa zake kwenye mradi, asilimia 30 ya mshahara wake iwe kwenye bajeti ya mradi, na daftari la saa liwepo la kuthibitisha. Angalia pia awamu za malipo. Asilimia 40 wakati wa kusaini, 40 baada ya ripoti ya katikati, 20 baada ya ripoti ya mwisho maana yake 12,000 utazitumia wewe kwanza na kuzisubiri. Hizo zitarudi, zile 9,000 hazirudi.

Kuhusu matokeo, "mafunzo 12, washiriki 240" ni kazi iliyofanyika. Mfadhili anataka kujua wangapi kati ya 240 wanafanya kazi waliyofundishwa miezi 6 baadaye. Jedwali la mantiki, lililobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani, limeishi muda mrefu kwa sababu linakulazimisha kuandika kiashiria na njia ya kukithibitisha kando ya kila lengo. Safu yake ya mwisho, ya mambo mnayoyadhania, ndiyo inayojazwa ovyo kuliko zote. "Washiriki watahudhuria" si dhana. Ni kazi yenu kuhakikisha. Dhana ni jambo lililo nje ya uwezo wenu ambalo likigeuka mradi unaanguka, mfano waajiri kuendelea kupokea wanagenzi.

Na upimaji una gharama. Kuwapigia watu 240, dakika 15 kila mmoja pamoja na wasiopokea, ni saa 60. Nani atazifanya, mwezi gani, kwa mshahara wa mstari upi?

Maneno

Yaliyobaki huandikika haraka kwa kuwa jedwali limeshayajibu. Sehemu ya soko inaeleza ziara, oda na bei. Sehemu ya washindani isiseme hamna mshindani. Mtu anayekalia kiti cha zamani kilichofungwa kwa waya ni mteja wa mshindani wako, na mshindani huyo anaitwa "kuacha kama kilivyo". Sehemu ya watu itaje kila jukumu na jina la anayelibeba, pamoja na majukumu ambayo bado hayana mtu. Pengo lililotajwa na tarehe ya kuliziba linavumilika. Pengo lililofichwa hufanya msomaji atafute mengine. Hatari zitoshe 5, kila moja na dalili yake inayoonekana mapema: si "wateja kuchelewa kulipa" tu, bali "madeni yaliyopita siku 60 yakizidi robo ya madeni yote, tunasitisha oda mpya kwa wahusika".

Muhtasari uwe ukurasa mmoja, mbili ukizidi. Mnauza nini na kwa nani, kiasi gani mnaomba na kwa matumizi yapi, salio litashuka hadi wapi na mwezi gani, litaanza kupanda lini, nani wanaoendesha. Mpe mtu asiye wa fani yenu ausome, kisha muulize mnaomba kiasi gani na kitarudije. Akishindwa kujibu bila kufungua tena, uandike upya.

Mpango ukishapitishwa, hifadhi nakala yenye tarehe ambayo hakuna atakayeigusa, na fanya kazi kwenye nakala nyingine. Kila mwisho wa mwezi linganisha mistari mitatu: mauzo, makusanyo, salio. Panapopishana kwa zaidi ya asilimia 10, andika sababu kwa sentensi moja palepale. Kwa viti vyetu, mwezi wa kwanza huenda ukaonyesha kwamba katika ziara 100 walionunua ni 3, si 5, na viti ni 24. Badilisha 5 iwe 3 kwenye karatasi ya makisio, weka alama ya "imethibitishwa" na tarehe, acha jedwali lijipange, kisha soma salio la mwezi wa 7 kabla ya kuagiza mbao za mwezi wa 2.